Plagi ya Nne

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nyingine mpe mkazamjomba, na mwambie sweta aliyonifumia naivaa kila siku, imeshapata matone ya oili kifuani, asininunie. Mimi mzima, nakula, nalala, nafua magwanda mara mbili kwa wiki. Mama ameniambia goti lako limepoa kidogo, na kwamba bado unakwenda sokoni kwa kuzunguka nyuma ya shule, nusu saa nzima, wakati njia imenyooka mbele ya mlango wako. Na goti hilo! Tangu nikiwa mdogo tunazunguka huko, na hujawahi kuniambia kwa nini.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha kwenye injini za watu, kwa hiyo kalamu ndiyo hii.

Sasa sikia makubwa. Gari la wagonjwa la hospitali yetu limegoma. Asubuhi za baridi dereva anazungusha ufunguo mpaka betri inaishiwa pumzi, halishiki. Nimepima, plagi za hita zote nne zimekufa. Najua utamsomea mkazamjomba, basi mweleze kwamba ni vijiti vya chuma vinavyopasha moto ndani ya silinda ili dizeli ishike asubuhi. Kujua zimekufa si kazi. Kazi ni kuzitoa. Zimekaa humo miaka kumi na moja, zimegandana na hedi, kile kifuniko kizito cha injini, kama zimezaliwa pamoja.

Mkuu wa karakana, ambaye sisi tunamwita Bwana Haraka, alitaka gari lipelekwe mji mkubwa wakafungue hedi huko. Magari yanayokwenda huko hurudi baada ya miezi sita, yakirudi. Hapo katikati wagonjwa wa huku watabebwa na gari la kuazima, ambalo huja likipenda.

Mjomba, mdomo ukaniponyoka. Mbele ya mafundi wote sita nikasema: "Nitazitoa mimi, hapa hapa, bila kufungua hedi." Wakacheka mpaka mmoja akadondosha chai. Akasema dada wa kuosha vipuri siku hizi anaota mchana. Nikawajibu: "Mimi nimefundishwa na mtu aliyeshika spana miaka arobaini na hakukata plagi hata moja akiitoa." Bwana Haraka akasema sawa, nikizitoa, gari hilo litakuwa mikononi mwangu daima, nilitunze mimi. Nikiharibu, narudi kwenye ndoo ya kuoshea vipuri na asinisikie tena.

Plagi mpya zimeagizwa, zitafika katikati ya Aprili, kwa hiyo muda ninao. Nifundishe tena, moja baada ya jingine, kama vile sijui kitu.

Mpwa wako

12 Februari

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Marahaba, na za mkazamjomba zimefika. Ameuliza hayo matone ya oili ni makubwa kiasi gani. Nimemwambia madogo, usiniangushe. Goti linajikokota. Njia ya sokoni niachie mwenyewe, daktari alisema nitembee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya nne nilimsomea mama yako uani, kwa sauti, na kwa kuwa mimi sijisikii, nadhani mtaa mzima umeipata. Umewajibu mafundi sita! Nimetembea nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Haya. Haraka mwachie mwenye jina lake. Kila asubuhi na kila jioni dondoshea mafuta ya kulainisha kutu kwenye shina la kila plagi, siku kumi, si mbili. Usiiguse plagi injini ikiwa baridi. Mchana wa jua itashika. Iache ingurume mpaka ushindwe kuweka kiganja juu ya hedi, ndipo uizime ufanye kazi. Tumia ile spana fupi niliyokupa. Umewahi kuniuliza kwa nini niliikata mpini kwa msumeno. Niliikata ili nguvu zangu zikitaka kufanya ujinga zikose pa kushika. Robo mbele, robo nyuma. Ikigoma, mafuta tena, rudi kesho.

Halafu vidole. Mimi sikuwahi kuisikia plagi kwa sikio hata nilipokuwa na masikio. Chuma kinachotaka kutoka kinakuja kwa ukakasi, kinanung'unika mkononi. Kinachotaka kukatika kinalainika ghafla, unadhani kimekubali. Kikilainika, toa mkono wako hapo hapo.

Hayo ya miaka arobaini usiyatangaze sana huko. Fanya kazi.

Mjomba wako

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na mkazamjomba pia. Hapa mvua zimeanza, karakana inavuja juu ya benchi langu tu, benchi za wengine kavu, sijui nani alipanga. Mpangaji mwenzangu amepata mapacha na sasa nyumba nzima tunalala kwa zamu.

Tatu zimetoka! Ya kwanza siku ya kumi na mbili, ilinung'unika kama ulivyosema, nikahisi mpaka kwenye kiwiko. Ya pili na ya tatu wiki iliyofuata. Yule aliyedondosha chai alikuja akazishika moja moja, akazigeuza, akasema "kumbe". Neno hilo moja tu, lakini nililala nalo. Jina lako sasa linajulikana hapa, wanakuita Mjomba wa Robo Robo.

Ya nne bado.

Halafu nilitaka kukuuliza, kwa kujua tu, mtu akitoboa katikati ya plagi huanza na drili ya milimita ngapi? Na kuna namna ya kuifanya drili isikimbilie pembeni?

Mama anasema umeanza kulima mchicha. Hongera.

Mpwa wako

24 Machi

Mama Maswali,

Marahaba. Mchicha umeliwa na kuku wa jirani, tusiuzungumzie.

Mtu mwenye plagi nzima haulizi drili. Imekatika, na wewe umeniandikia "bado". Sikugombezi. Nimekaa na barua hii siku nne nikitaka kukugombeza na nimeshindwa, nitakuambia siku nyingine kwa nini.

Anza na milimita nne, katikati kabisa. Ndani ya kifurushi hiki kuna bushi, kipete cha chuma, niliyokukerezea mwenyewe kwenye mashine ya rafiki yangu. Inakaa kwenye tundu la plagi na kuibana drili isiende kushoto wala kulia. Nimeipima mara tano. Mama yako alisimama pembeni akinishikia taa na kusema mzee mzima nang'ang'ania kipande cha chuma kidogo kuliko kidole. Alitulia alipoona drili imeingia humo sawasawa.

Paka drili grisi nyingi, ikamate unga wa chuma. Toboa kidogo, toa, futa, paka tena. Toa nozeli ya silinda hiyo, ile inayopulizia dizeli, kabla hujaanza, ili baadaye upulize upepo ndani. Ukishatoboa shina, ncha iliyobaki chini ivute taratibu.

Na sasa soma kwa macho mawili. Kila kipande kinachotoka kiweke kwenye kitambaa cheupe. Vipange upya, viungane viwe plagi kamili, uvilinganishe na ile ya tatu iliyotoka nzima. Usiridhike na "karibu vyote". Vyote. Nisikilize hapo hata kama hunisikilizi pengine popote.

Mjomba

15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mkazamjomba mwambie sweta ni nzima. Mapacha wanaumwa chango usiku, sisi wengine tunalia nao.

Nakiri. Ilikatika tarehe kumi na moja Machi, saa nne asubuhi. Sikutumia spana yako. Bwana Haraka alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia saa, akasema, "Hiyo spana ya mtoto itatumaliza mwaka, tia bomba." Nikachukua spana ndefu, nikauvisha mpini wake bomba ili nguvu ziongezeke. Plagi ikalainika. Nilijua, Mjomba! Uliniandikia. Kidole kilijua, lakini mkono ulikuwa unamsikiliza mtu aliye nyuma. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nimeshajitapa kwa jina lako.

Bushi yako iliingia kama imezaliwa humo. Nimetoboa siku nne. Nyuzi za ndani ya tundu, zile zinazoshika plagi, zimebaki safi, hedi haina hata mkwaruzo. Jana nimeivuta ncha, na karakana nzima ilikuwa imenizunguka. Ilipotoka walipiga makofi. Yule wa chai ndiye alianza. Bwana Haraka alinipa ufunguo wa gari hapo hapo, mkononi, mbele ya watu. Mjomba, sijawahi kusimama nikiwa mrefu vile.

Halafu nikaenda kwenye kitambaa cheupe.

Imepungua. Ncha ilikuwa imevimba kwa joto na pembe yake moja haipo. Ni kiasi cha punje ya mchele. Nimepuliza upepo kwenye tundu la nozeli, nimeingiza sumaku, lakini chuma cha ncha hakishiki sumaku. Nimepekua sakafu kwa tochi, nimechambua grisi yote ya drili kwa vidole. Sijaiona. Inawezekana ilitoka na upepo. Inawezekana imo ndani ya silinda, inasubiri pistoni ipande.

Bwana Haraka anasema imeshatoka, nifunge. Plagi mpya zimefika leo, Jumamosi anataka gari liwashwe. Nikisema hapana, njia ni moja tu, kufungua hedi. Yaani kile kile nilichoapa hakitahitajika, na ndoo ile pale inaniangalia.

Najua jibu lako haliwezi kunifikia kabla ya Jumamosi. Nakuandikia tu nijisikie ninavyosema. Wewe ungefanya nini?

Mpwa wako

24 Aprili

Mpwa wangu,

Leo salamu zitakuwa fupi. Sote wazima.

Barua yako imefika asubuhi hii. Nimemkimbilia mama yako na goti langu, nikamwambia akupigie simu akuambie neno moja tu: gari lisiwashwe. Amepiga. Akaniandikia kwenye karatasi: "Anasema mjomba asubiri barua." Sikumwuliza zaidi. Sitaki kujua ulifanya nini kabla wewe hujajua nilifanya nini mimi, maana nikishajua nitapata kisingizio cha kunyamaza tena.

Niliwahi kukata plagi. Moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, kwenye injini ya basi. Nilitia bomba, kama wewe, na mimi hata hapakuwa na mtu nyuma yangu. Nilikuwa peke yangu na kiburi changu. Niliitoa vizuri tu, na nilipopanga vipande kikakosekana kimoja. Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Nikafunga.

Basi lilitembea siku mbili. Siku ya tatu injini ikajivunja likiwa njiani. Abiria hawakuumia, walitembea kwa miguu tu, lakini ndani ya silinda hakukubaki kitu. Ukatafutwa mkosaji. Siku niliyotoa plagi, Msumari ndiye aliyerudisha nozeli. Unamkumbuka Msumari, yule mrefu mwembamba aliyekuwa akikubeba mabegani? Wakasema ameangusha washa ndani, kile kipete cha nozeli. Aliapa kwamba hakuangusha. Mimi nilikuwa nimesimama umbali wa hatua tatu, nikifuta mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa na uchafu. Alifukuzwa siku ile ile. Mimi nikabaki fundi ambaye hajawahi kukata plagi, na jioni nikaikata spana yangu mpini kwa msumeno.

Msumari anatengeneza baiskeli mbele ya duka la nafaka, kwenye njia fupi ya sokoni. Sasa unajua kwa nini tunazunguka.

Umeuliza mimi ningefanya nini. Mimi nilifunga. Kama na wewe umefunga, fungua leo. Ndoo ya kuoshea vipuri haijawahi kumnyima mtu usingizi. Na hata kama umefunga, bado wewe ni bora kuliko mimi, kwa sababu uliniambia.

Mjomba wako

26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo, na ya tatu ya mkazamjomba. Mama alinipigia juzi akaniambia gari lisiwashwe, akakata kabla sijamaliza kucheka. Jibu lako la kalamu bado halijafika, lakini siwezi kungoja.

Sikufunga!

Jumamosi Bwana Haraka alinipa kadi ya kazi nijaze "Tayari". Nikakaa nayo. Nikawaza uliposema nikusikilize hapo hata kama sikusikilizi pengine. Nikaandika kwa wino: "Kipande cha ncha kimepungua, silinda ya nne. Gari lisiwashwe." Nikatia saini. Chini yake nikaongeza kwamba plagi niliikata mimi kwa spana yenye bomba. Sikuandika nani aliyeniambia nitie bomba, mkono ulikuwa wangu. Akaisoma, uso ukambadilika rangi mara mbili. Kadi ikishaandikwa hivyo hakuna mtu wa kuligusa gari. Akaniambia, "Ulisema bila kufungua hedi." Nikasema, "Nilisema. Nimeshindwa. Sasa nafungua." Nikamrudishia ufunguo.

Watu walicheka, usidhani hawakucheka. Lakini yule wa chai aliweka kikombe chake chini, akavua koti, akashika upande wa pili wa hedi, maana ni nzito kwa mtu mmoja. Gasketi mpya ya kuziba chini ya hedi ilikuwepo stoo, imekaa miaka. Tulifungua Jumapili, siku yetu ya mapumziko.

Mjomba, ilikuwepo. Imelala kwenye kikombe cha pistoni, nyeusi, imetulia kama haina habari. Nikaiokota kwa kibano, nikaipeleka kwenye kitambaa cheupe, nikaiweka kwenye pembe yake. Plagi ikawa kamili. Tulisimama tukaitazama, na yule wa chai akasema "kumbe" yake, safari hii mara mbili.

Jumatatu Bwana Haraka alinionyesha ndoo. Neno ni neno. Nikaosha vipuri siku mbili, na nitakuambia ukweli, niliosha nikipiga mluzi. Jumatano asubuhi, baridi kali, gari limeshafungwa na plagi zake nne mpya, dereva akaja kulichukua. Akauliza nani aliandika ile kadi. Wakamwonyesha mimi nikiwa na mikono ndani ya ndoo. Akamwambia Bwana Haraka, "Mimi ndani ya hilo gari nabeba watu wamelala. Ufunguo nitaupokea kutoka kwa huyu tu." Akakunja mikono, akasubiri. Alisubiri vizuri sana. Mwisho Bwana Haraka akaniletea ufunguo mwenyewe, sabuni bado inanitiririka viwikoni. Nikazungusha. Lilishika kwa mara ya kwanza, hata halikukohoa.

Punje nimekuwekea kwenye kiberiti hiki. Nimejitapa kwa jina lako na nikakata, nisamehe. Lakini sasa nitajitapa tena, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kitambaa cheupe.

Mpwa wako, mwenye gari

14 Mei

Mpwa wangu, mwenye gari,

Marahaba tatu zote, na mkazamjomba anataka kujua kama sabuni nayo imeingia kwenye sweta.

Barua zetu zimepishana njiani, kwa hiyo sasa unajua kilichonifundisha kitambaa cheupe. Ulikuwa hujui lolote la kukutisha, na bado hukufunga. Mimi nililijua lote na nilifunga. Najivunia wewe mpaka naona haya kidogo, na haya hiyo acha nikae nayo, ni yangu.

Wiki iliyopita nilichukua kiberiti chako na barua yako nikaenda kwa Msumari. Amezeeka, mwembamba vile vile. Alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anaziba pancha. Sikumsalimia, nilijua nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Nikamwambia basi lile nililiharibu mimi. Kisha nikamsomea barua yako yote, kuanzia shikamoo. Sijisikii nikisoma, lakini niliinua macho nikaona ameacha kazi, gurudumu linazunguka peke yake.

Nilipomaliza akasema kitu. Nikamwonyesha masikio yangu. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wake wa bei: "Miaka 22." Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono, nikadhani ananipa, kumbe anataka kiberiti. Akakifungua, akaitazama ile punje muda mrefu, akaitia kwenye kopo lake la vipuri na kufunga kifuniko. Ameing'ang'ania. Nisamehe, siwezi kukurudishia.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa ile karakana ya zamani, nikaandika niliyofanya, nikatia saini kama ulivyotia wewe. Andiko hilo wamelibandika ukutani. Mke wa Msumari amekwenda kulisoma mara mbili.

Waambie mafundi wako sita kwamba Mjomba wa Robo Robo aliwahi kukata plagi. Mpwa wake pia. Ila ya mpwa wake ilitoka yote.

Leo asubuhi nilipita tena pale. Msumari hakuniitikia, lakini alivuta benchi lake ndani ili nipate pa kupita na goti langu. Sokoni nilifika kwa dakika saba.

Mjomba wako